Tunajiandaa Kwenda Milima ya Magharibi



Kijana wangu anamaliza sekondari mwaka huu, na mwezi wa nane, Mungu akipenda, ataondoka nyumbani kwenda chuo kikuu katika jimbo jingine. Nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilitegemea aseme simu, au pesa ya kununua gari kuukuu. Akasema, "Baba, nataka twende milimani mimi na wewe, tukaendeshe pikipiki za theluji. Mara moja tu kabla sijaondoka."

Kwa wasomaji wetu wa Kigoma, Bujumbura au Kampala ambao hawajakiona chombo hiki: pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina ski mbili za kuongozea, na chini ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaochimba theluji na kukisukuma chombo mbele. Mafuta unayatia kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Aliyeieneza duniani ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, nchini Kanada. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo aliugua na kufariki kwa sababu barabara zilikuwa zimezibwa na theluji na hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Fundi huyo alikuwa tayari akijaribu kutengeneza vyombo vya kupita juu ya theluji, na baada ya msiba ule hakuiacha kazi hiyo. Ile pikipiki ndogo ya Ski-Doo aliitoa mwaka 1959. Huku watu wengi huiona kama mchezo wa vijana tu. Mimi kila nikiiona namkumbuka yule baba.

Sisi tunaishi Fargo, North Dakota, tangu mwaka 2013. Nchi ya hapa ni tambarare kama mkeka uliotandikwa; ukisimama juu ya gari unaona hadi jimbo la jirani. Mwenzangu mmoja kazini, mtu mwema sana, ndiye aliyetufundisha kuendesha, kwenye mashamba na kando ya barabara, majira mawili ya baridi yaliyopita. Yeye huenda magharibi kila mwaka na nduguye. Aliposikia ombi la kijana akasema njooni nasi, tutakuwa wanne.

Mke wangu alisikiliza yote haya akiwa anakata vitunguu. Kisha akasema, "Baba watoto, wewe ulikimbia vita, ukavuka ziwa, ukakaa kambini miaka 17. Leo unakwenda kuitafuta hatari kwa pesa yako mwenyewe?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Lakini alinifanya nianze kuuliza maswali ambayo vinginevyo nisingeuliza.

La kwanza lilikuwa mlima wenyewe. Mimi ni mtoto wa Uvira, nimekulia chini ya milima ya Mitumba, ziwa mbele na mlima mgongoni. Kwa hiyo nilidhani nazijua tabia za milima. Kule mlima ukileta balaa, unaleta maji na mawe, kama mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu na kubomoa nyumba. Theluji ni tofauti. Inakaa juu ya mteremko kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake. Likiwepo tabaka dhaifu chini, lile la juu linakaa kama mkeka juu ya sukari iliyomwagika. Anapita mtu, au pikipiki yenye uzito wa kilo zaidi ya 200, na mlima mzima unateleza kwa mara moja. Katika ajali nyingi zinazoua, aliyeusukuma mlima ni yule yule aliyefukiwa, au mwenziwe. Na katika wanaokufa hivyo Marekani kila mwaka, waendesha pikipiki za theluji ni miongoni mwa makundi makubwa.

Miteremko inayoporomoka zaidi ni ile ya nyuzi 30 hadi 45, yaani karibu na ulalo wa ngazi za nyumba au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo ambayo vijana huipenda. Kwenye video za kijana wangu mtu anapanda mteremko kwa kasi, anageuka karibu na kilele, anashuka akiacha alama kama upinde, na mwenziwe anajaribu kuipita alama ile. Mmoja akikwama juu, mwingine anapanda kumsaidia. Mwenzangu wa kazini aliniambia hapo ndipo panapoua: yule wa pili anayepanda kwa huruma. Waliobaki chini nao wameegesha vyombo mahali ambapo theluji itamwagikia.

Nikamwambia kijana wangu kwamba safari hii ya kwanza hatutapanda mteremko wowote. Tutabaki kwenye njia zinazosawazishwa na mitambo.

Alikasirika. "Sasa Baba, tunaendesha zaidi ya kilomita 1,300 kwenda kufanya nini? Njia za kusawazishwa ziko hapa hapa Fargo." Siku mbili hakuzungumza nami ila salamu. Wazazi mlio na vijana wa umri huo mnaijua salamu ya namna hiyo.

Katika siku hizo nilinunua vifaa. Kila mtu anayekwenda huko anatakiwa awe navyo vitatu mwilini, si kwenye chombo, kwa sababu chombo na mwenyewe hutengana. Kwanza ni kiredio kinachovaliwa kifuani chini ya koti, ambacho hutoa mawimbi mchana kutwa. Mwenzako akifukiwa, unakigeuza chako kipokee, kinakuonyesha mshale na umbali. Pili ni ufito wa kukunja, ukinyooshwa unazidi mita 2, wa kuchoma theluji hadi uguse mwili. Tatu ni beleshi la chuma cha aluminiamu. La plastiki huvunjika. Simu usiiweke karibu na kiredio, inavuruga mawimbi. Seti mbili zilinigharimu pesa ambayo sikumwambia mke wangu siku ile ile.

Hesabu ya muda ndiyo iliyonitisha. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 huishi. Baada ya hapo idadi huporomoka, na zikipita dakika 30 wengi huwa wameshakufa kwa kukosa hewa. Helikopta na polisi hawafiki katika dakika 15. Anayefika ni yule uliyekuja naye tu. Kwa hiyo kama mlima utanifukia mimi, atakayenitoa ni huyu mtoto wa miaka 18 aliyeninunia.

Jumamosi moja nilimchukua hadi msikitini baada ya watoto kumaliza madrasa. Kwenye uwanja wa kuegesha magari kuna rundo kubwa la theluji ambalo magari ya kusafisha hulisukuma pembeni, na linakaa pale mpaka mwezi wa nne. Nililichagua kwa sababu theluji iliyoporomoka huganda namna ile ile, ngumu kama saruji. Nilikuwa nimekwenda alfajiri nikazika kiredio kimoja ndani ya sanduku la plastiki, kama mita moja kwenda chini. Nikamwambia, "Huyo ni mimi. Nitafute." Nikabonyeza saa.

Alianza vizuri, akakimbia akifuata mshale, na ndani ya dakika 3 alikuwa juu ya mahali penyewe. Halafu akatupa ufito pembeni akaanza kuchimba moja kwa moja kwenda chini, kama anachimba kisima. Theluji aliyoitoa ikawa inarudi. Shimo likawa jembamba, mikono haina nafasi. Alipotoa koti watoto wa madrasa wakaanza kumshangilia, wakidhani ni mchezo. Nilitaka kumwambia asimame lakini sikusema neno. Alipolitoa lile sanduku saa yangu ilisoma dakika 22.

Nilimwonyesha. Akaiangalia, akakaa juu ya theluji akiwa amelishika lile sanduku mapajani, hakusema kitu. Mvulana mdogo mmoja akamuuliza, "Kaka, umeshinda?" Akajibu, "Hapana."

Usiku ule alikuja chumbani kwetu na ramani aliyoichapisha, amezizungushia wino mwekundu sehemu zote zenye miteremko ya kuanzia nyuzi 30. Akaniambia, "Hizi hatuendi." Mke wangu aliyekuwa amejilaza akafungua jicho moja.

Tumerudi kwenye rundo lile kila Jumamosi tangu hapo. Tumejifunza kwamba kwanza unachoma ufito mpaka uguse, kisha unauacha pale pale usiutoe, unashuka upande wa chini wa mteremko, na unachimba kuingia ndani kwa ubavu ili theluji iteremke yenyewe. Mara ya mwisho kijana alitumia dakika 7. Mimi nilitumia 11, mgongo ndio unanichelewesha. Mke wangu alikuja kutuletea chai akatazama, akauliza, "Na mkiwa wote wanne chini ya mlima mmoja, nani atamfukua nani?" Hajasoma kitabu chochote cha mambo haya, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza wanayoifundisha: mtu mmoja mmoja, wengine wasimame mbali na kila kinachoweza kushuka.

Lilibaki swali moja, nalo nilimuuliza mwenzangu wa kazini: nahodha ni nani? Mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, tulikimbilia Baraka tukitafuta boti ya kuvuka kwenda Kigoma. Tulipata moja, lakini jioni ziwa lilichafuka na nahodha akakataa kuondoka. Abiria walimtukana. Marehemu baba yangu, mtu mpole, naye alimtukana, maana nyuma yetu milio ya risasi ilikuwa ikisikika. Yule mzee alikaa kwenye ukingo wa boti akivuta sigara mpaka alfajiri, kisha akatuvusha salama. Boti nyingine iliyoondoka jioni ile hatukuikuta ng'ambo. Nilikuwa na miaka 12.

Mwenzangu alifikiri kidogo, akasema kwao hakuna nahodha. Mtu yeyote kati ya wanne akisema "turudi", wanarudi, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu wala kumcheka jioni. Kijana wangu akauliza, "Hata nikisema mimi?" Akajibiwa, "Hata wewe." Sijui kama angekubali kwa urahisi hivyo kabla ya zile dakika 22.

Basi mpango wetu uko hivi. Tutakwenda wiki ya mwisho ya Januari, kabla ya Ramadhani. Tutafikia West Yellowstone, Montana, mji mdogo ulio juu ya mita 2,000. Fargo haifiki hata 300. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini za kawaida hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake, nasi pia tutahema. Siku ya kwanza tutazunguka karibu na mji tu. Ya pili tutapanda njia ya Two Top, ambayo huvuka mpaka wa Montana na Idaho kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,600, na ambako upepo hufunika misonobari kwa theluji mpaka inasimama kama watu waliovaa kanzu. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone yenyewe huingii ovyo: ni kwa kiongozi mwenye leseni, au kwa kibali cha bahati nasibu, na kwa pikipiki za injini tulivu tu. Hilo tumeliacha. Kila asubuhi tutasoma taarifa ya kituo cha maporomoko, ambayo ina ngazi 5. Nimejifunza kwamba ngazi ya 3 ndiyo inayoua zaidi, kwa sababu ya 4 na ya 5 humtisha kila mtu akabaki ndani.

Vyombo tutakodi huko, maana vya mashambani kwetu vina mikanda mifupi, vinazama kwenye theluji laini ya milimani. Nguo za ndani ziwe za sufi. Pamba ikilowa jasho inakugandisha.

Wengi mmeniuliza kuhusu swala. Sisi ni wasafiri, tutapunguza na kukusanya, adhuhuri na alasiri pamoja njiani wakati wa chakula. Nimenunua soksi za ngozi ili nipake maji juu yake badala ya kuvua miguu kwenye baridi ile. Msafiri ana siku tatu kwa usiku wake. Kibla kutoka kule kinaelekea kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, jambo lililomshangaza hata imamu wetu mpaka alipochukua tufe na uzi. Nyama tutabeba kutoka nyumbani. Sambusa tutazifunga kwa karatasi ya aluminiamu tuzibane juu ya bomba la moshi la pikipiki, ndivyo wenyeji wanavyopasha chakula, na mwenzangu ameshaagiza 20 za kwake.

Mke wangu hajasema ndiyo. Amesema tu kwamba tutakuwa na kile kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe pasipo na mtandao, na kwamba kila siku saa 10 jioni atakuwa ameketi mbele ya simu. Juzi nilimkuta jikoni amekivaa kiredio cha kijana juu ya kanga, anakigeuza huku na huku kuona mshale unakwenda wapi.

Tuombeeni dua. Wassalaam.