Maneno Sita

Mtu aliyefundisha lugha kwa miaka mingi huona haya kukiri kwamba moja ya masomo yake makubwa juu ya maana ya maneno alilipata katika mchezo wa karata. Nakiri bila ya kujitetea. Mchezo wenyewe ni Hearthstone, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2014. Wachezaji wawili, aghalabu wasiojuana, hukabiliana kwa njia ya intaneti. Kila mmoja ana karata 30 na uhai wa pointi 30, na amalizaye uhai wa mwenziwe ndiye mshindi.

Michezo ya namna hiyo ilikwisha kujaa matusi. Katika huu, mgeni hakupewa nafasi ya kumwandikia mgeni mwenziwe. Aliwekewa maneno sita tu ya kuchagua: la kusalimu, la kushukuru, la kusifu, la kukiri kosa, la kutisha, na neno moja la Kiingereza ambalo kwetu ni mawili, samahani na pole. Asiyetaka kusikia hata hayo aliweza kumnyamazisha mwenziwe.

Ungedhani tusi limekosa mlango. Halikukosa. Mtu alikuulia askari wako wa mwisho, kisha akakuomba radhi. Alikusifu pale pale ulipokosea. Alikusalimu mara tano ulipokuwa ukifikiri. Mwana wa pwani hastaajabu. Amekulia mahali ambapo mwanamke hupita mbele ya jirani yake amejitanda kanga, hasemi neno, na jirani akakosa usingizi. Jina la kanga limechapwa kiwandani, ni lile lile kwa wavaaji wote. Kilifanyalo kijembe ni nani kalivaa, siku gani, na kapita mlango wa nani.

Mimi na mdogo wangu, akaaye Maskati, hatukusemezana tangu mwaka 2013, kwa sababu ya kuuzwa kwa nyumba ya marehemu baba yetu huko Unguja. Nilimwambia maneno ambayo kaka hapaswi kumwambia mdogo wake. Yeye hakunijibu, na kimya chake kiliniudhi zaidi. Mwaka 2015 mpwa wetu, kijana mwenye hila njema, alitutilia mchezo huu katika simu zetu akatuunganisha. Waliounganishwa kwa urafiki waliweza kuandikiana watakavyo. Sisi hatukuandikiana. Tulicheza kila usiku wa Alhamisi, na maneno yetu yalikuwa yale sita.

Mdogo wangu ni mchezaji hodari. Kila aliponishinda, kabla ya pigo la mwisho, alilibonyeza neno lile. Je, ilikuwa pole ya mshindi kwa mshindwa? Kijembe? Au samahani? Kiswahili kingalimlazimisha kuchagua, maana atoaye pole hana hatia, na aombaye samahani anayo. Kiingereza kilimpa pa kujificha, nami kilinipa pa kujifanya sikusikia. Nami niliweza kulibonyeza. Sikulibonyeza kamwe, nilikuwa mkubwa, tena mwenye makosa.

Mwaka 2016 neno hilo liliondolewa, maana wengi walikwisha kuligeuza dhihaka, na mahali pake pakawekwa neno la mshangao. Nasadiki nia ilikuwa njema, na yamkini wageni kwa wageni walipata nafuu, ijapokuwa haukupita muda kijembe kikahamia katika mshangao. Waliolipoteza neno ni wachache waliokuwa wakilitumia kwa haja yake. Wala hakuna hesabu iwezayo kuwaonyesha, kwa kuwa kitufe kimoja kilibonyezwa na wote.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa ukingoni mwa kushindwa. Mdogo wangu alikuwa na karata ya kunimaliza, lakini hakuicheza. Kamba ipimayo muda ikaanza kuwaka moto, ikaungua nusu. Ndipo ukaja ujumbe wa maandishi, wa kwanza kwa miaka mitatu:

"Kaka, wameliondoa lile neno."

Nikautoka mchezo, nikampigia simu.