Kisoma skrini kinapokutana na karatasi yenye muhuri

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuzungumzia jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu katikati ya mwaka 2025: namna mtu asiyeona anavyosoma karatasi aliyotumiwa ikiwa picha.

Kwa wale wasiofahamu, kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti kile kilicho kwenye skrini. Katika Windows wengi hutumia NVDA, ambayo Michael Curran, raia wa Australia asiyeona, alianza kuitengeneza mwaka 2006, na mpaka leo hailipiwi hata senti. Kwenye simu za Android kuna TalkBack. Kazi kubwa ya programu hizi ni kuchukua maandishi yaliyomo ndani ya faili, herufi kwa herufi, na kuyapeleka kwenye sauti. Ukizipa picha ya maandishi, kwao hiyo ni picha tu, hata kama wewe na mimi tunaisoma bila taabu.

Na huku kwetu Ukambani, kuanzia Mwingi mpaka Kibwezi, karatasi nyingi za maana hufika zikiwa picha. Utaratibu mnaujua. Katibu anaandika tangazo kwenye kompyuta, analichapisha, mkubwa anatia sahihi, muhuri unagongwa, kisha karatasi inapelekwa kwenye skana na kuwekwa kwenye tovuti, au inapigwa picha kwa simu na kusambazwa WhatsApp. Maandishi yalikuwamo ndani ya kompyuta tangu mwanzo. Tukayatoa nje, tukayarudisha yakiwa pikseli.

Mimi niko Kitui mjini. Nina binamu anayeishi karibu na Wote, upande wa Makueni, ambaye alipoteza uwezo wa kuona akiwa mdogo na sasa yuko chuoni. Kwa miaka mingi barua zake zilisomwa na mama mdogo, na mama mdogo akiwa shambani, zilisomwa na mtoto wa jirani. Barua ya hospitali, barua ya benki, matokeo ya mtihani, zote zilipita kinywani mwa mtu mwingine kwanza. Aliwahi kuniambia kuwa kusubiri hakumuudhi sana. Kilichomuudhi ni kijiji kujua habari zake kabla yake mwenyewe.

Hapo ndipo utambuzi wa maandishi, yaani OCR, unapoingia. Wazo si geni. Mwaka 1976 Ray Kurzweil wa Marekani alionyesha mashine iliyounganisha skana, utambuzi wa herufi na sauti ili wasioona wasome vitabu vya kawaida. Ilikuwa kubwa ya kujaza meza. Leo kazi hiyo hiyo imo ndani ya kisoma skrini chenyewe. NVDA ilipata uwezo huo katika toleo la 2017.3, kwa kutumia injini iliyomo katika Windows 10. Unabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na R, unangoja kidogo, kisha unatembea katika matokeo kwa vitufe vya mishale kama hati yoyote. Inasoma tu kile kinachoonekana kwenye skrini wakati huo, kwa hiyo PDF ya kurasa tano ni kazi ya kurasa tano. Lakini binamu yangu anafunga mlango, anasoma barua yake, basi. Hiyo peke yake inatosha kuiita teknolojia hii baraka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwezi wa Juni 2025 alitumiwa tangazo la basari. Ofisi iliyolitoa siitaji, maana nyingi hufanya vivyo hivyo. Akaliendesha kwenye OCR, akaelewa masharti yote, kisha akanipigia simu.

"Kaka, hii Ijumaa ya tarehe 18 imetoka wapi? Tarehe 18 ni Jumatano."

Nikaifungua ile picha. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa tarehe 13, ila ukingo wa muhuri ulipita juu ya ile 3 ukaifanya ifanane na 8. Aliwahisha fomu zake. Lakini fikirini: kama aliyeandika tangazo hangetaja siku ya juma, binamu yangu angefika siku tano baada ya dirisha kufungwa, na karo ya mwaka ingekuwa imepotea kwa sababu ya wino wa muhuri.

Tatizo lenyewe ni hili. Mtoto wa jirani akifika mahali penye wino, atasema, "Hapa hapaonekani vizuri." Mashine haisemi hivyo. Inatamka 18 ya kubahatisha kwa sauti ile ile, kasi ile ile, inayotamka neno lililo wazi kabisa. Mwenye macho anaona doa na kuwa na wasiwasi. Asiyeona anapokea jibu safi, na doa halimfikii.

Na jambo la kushangaza kwetu waandishi wa programu ni kwamba injini nyingine hujua zinapobahatisha. Chukua Tesseract, ambayo ilianzia katika maabara za Hewlett-Packard mwaka 1985 na kuwa programu huria mwaka 2005. Ukiomba matokeo yake kamili, kila neno huja na alama ya uhakika kutoka 0 mpaka 100. Tunachofanya wengi ni kuchukua maandishi na kuitupa alama.

Basi nilikaa jioni moja nikaandika programu fupi ya Python. Inaipa Tesseract picha, inapitia neno moja moja, na kila neno lenye alama chini ya 80 linawekewa mbele yake neno "shaka". Matokeo yanahifadhiwa kama faili la maandishi matupu, na NVDA inalisoma. Tulipolijaribu kwenye lile tangazo, sauti ilisema "shaka 18". Si dawa ya kila kitu, kwa sababu kuna wakati injini hukosea ikiwa na uhakika mkubwa. Lakini sasa binamu yangu anajua mahali pa kuuliza, na anamuuliza mtu neno moja badala ya kumkabidhi barua nzima.

Kuna suala la lugha pia. Tesseract ina data ya Kiswahili, lakini haina ya Kikamba. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa na kiwimbi juu. Injini isiyozijua hukiondoa kiwimbi kimya kimya. Mũndũ, yaani mtu, anatoka upande wa pili akiwa mundu, na kwa sauti ya Kiswahili huyo tayari ni chombo cha kuvunia mpunga! Tunacheka, lakini matangazo ya kanisa na ya mikutano ya kijiji huandikwa kwa Kikamba. Kukusanya kurasa za kuifundisha injini ni kazi ambayo wanafunzi wa kompyuta hapa Kitui na Makueni wanaweza kuianza bila kungoja mtu wa ng'ambo.

Kwa ofisi, ombi langu ni dogo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Gongeni muhuri wenu kwa ajili ya jalada, lakini pamoja na ile picha wekeni faili la maandishi lililoizaa. Tayari mnalo, na halihitaji bajeti. Na pale tarehe inapotajwa, tajeni na siku ya juma.

Kwa wenzangu wa programu: injini ikikupa shaka, mpe msomaji shaka hiyo. Ni haki yake. Anayetaka ile programu fupi aniandikie barua pepe, nitamtumia.