Duka Lisilo na Mlango

Mtaji wangu ulikuwa shilingi 60,000. Usicheke, msomaji. Nilizipata kwa kubeba zege wiki mbili kule Mbagala, ninakoishi na shangazi tangu nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2019 na kupata daraja la nne. Zaidi ya hizo nilikuwa na kaunta buku tatu zilizojaa riwaya yangu kwa mwandiko wa mkono, na ndani ya kaunta buku ya pili nilificha 40,000 nyingine. Hizo zilikuwa za mchapaji wa steshenari. Niliapa sitazigusa hata kama nyumba inaungua.

Kwa 60,000 hupati hata meza ya kupanga soksi barabarani, sembuse pango la duka. Basi rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye akaniambia, "Mshikaji, siku hizi duka ni simu." Akanieleza habari za dropushipingi. Kwamba mtu hufungua duka katika intaneti bila kuwa na hata kijiko stoo. Mteja akilipa, muuzaji hupeleka oda kwa mwenye mali, mara nyingi huko China, na mwenye mali ndiye anayefunga mzigo na kumtumia mteja. Muuzaji hubaki na tofauti ya bei.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza, "Sasa huyo si ndiye winga wa Kariakoo?"

Naam, ndiye hasa. Winga hana duka. Anasimama Msimbazi au Mtaa wa Congo, anamchukua mteja, anamwingiza kwenye duka la mtu, anaweka cha juu chake. Kilichobadilika ni kwamba leo mteja anaweza kuwa Singida na winga akawa Mbagala, amejilaza kitandani. Hata jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Pale mahali, tangu jina lake, ni pa kubeba vya wenzako.

Nikagawa mtaji. 25,000 kubadilisha kioo cha simu, maana picha za duka haziwezi kupigwa na simu yenye ufa. 10,000 bando. 25,000 zikabaki akiba. Nikaenda Kariakoo, nikazunguka tangu asubuhi, maduka manne yakanifukuza. La tano, la mashuka, mwenyewe akaniambia, "Piga picha dogo, ila ukileta mteja usimpeleke kwa jirani." Tukakubaliana: seti moja kwake 25,000, mimi niuze 32,000, nauli juu ya mteja.

Picha nikazitundika WhatsApp na Instagram. Juu yake nikaandika: "Karibu dukani kwetu. Vijana wetu watakuletea mpaka mlangoni." Dukani kwetu! Vijana wenyewe mimi na bodaboda wa kijiweni. Lakini maneno yalikuja yenyewe, na sikuona vibaya. Mtu aliyezoea kubuni vijiji vizima na watu wake atashindwa kubuni duka?

Mwezi wa kwanza niliuza seti nne. Faida ikawa 28,000, ikaishia kwenye bando na unga wa nyumbani. Hata hivyo nilitembea kifua mbele.

Mwezi wa pili akanipigia mama mmoja wa Singida. Alitaka seti tatu, rangi ya maziwa, za sendofu ya binti yake. Nikamwambia zipo. Sikumpigia mwenye duka kumuuliza. Nilisema zipo kwa kuwa zilikuwepo kwenye picha. Mama akatuma 96,000 za mashuka na 10,000 za nauli ya mzigo, palepale, bila swali.

Nilipofika Kariakoo, rangi ya maziwa imekwisha. Zimebaki za pinki. Mwenye duka akasema, "Chukua hizi dogo, watu hawaangalii rangi." Nikasimama na simu mkononi. Nilitakiwa kumpigia mama yule na kumweleza. Lakini ningesema nini? Duka letu limeishiwa na mimi ndiyo nimejua sasa hivi? Halafu ile 21,000 ya faida nilikwisha ipangia kazi. Nikachukua za pinki, nikazipeleka kituo cha mabasi Mbezi, nikarudi nyumbani kimya kimya.

Kesho yake jioni simu ikaita. "Shikamoo mama," nikasema. Akaitikia taratibu, kisha akauliza, "Mwanangu, kama hukuwa nazo, si ungesema tu? Mimi nilijua una duka."

Hakunigombeza, msomaji. Afadhali angenigombeza. Jasho lilinitoka kama siku za zege.

Mwenye duka alinionyesha maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikahesabu: akiba 25,000, faida 21,000, jumla 46,000. Usiku nikafungua kaunta buku ya pili, nikatoa zile 40,000. Shangazi akanikopesha 20,000 na kuniambia, "Ukimdhulumu mama wa watu, riwaya yako ataisoma nani?" Nikarudisha 96,000 zote, na 10,000 iliyobaki ikawa nauli ya mzigo kurudi. Mama akajibu neno moja: "Asante." Hajaniagiza kitu tena mpaka leo.

Mashuka ya pinki niliyauza mtaani kwetu moja moja, kwa bei ileile ya kununulia. Ilinichukua miezi miwili.

Nilijifunza nini? Kwamba biashara hii haihitaji pesa nyingi kuanza, lakini inakula kitu kingine. Mwenye mali anatoa mali, mteja anatoa pesa, wewe katikati unatoa neno lako. Likiwa bovu, huna kingine cha kuuza. Anayesoma riwaya anajua kuwa nabuni, na tumekubaliana hivyo. Yule mama sikukubaliana naye.

Siku hizi juu ya picha zangu nimeandika: "Mimi ni winga. Bidhaa ziko Kariakoo. Usilipe mpaka nikuthibitishie." Wapo waliosoma hivyo wakanikimbia, na wapo waliobaki. Kila asubuhi, kabla sijatundika picha, nampigia mwenye duka nimuulize kilichopo na kilichokwisha.

Kwa mchapaji sijafika bado. Ndani ya kaunta buku ya pili, mpaka ninapoandika haya, kuna 17,500.