Meli Iliyonitoa Makaburini

Hadi mwaka 1998 nilipenda meli kama mtu anavyopenda makaburi ya wazee wake. Kila jina nililolitaja kwa furaha lilikuwa la chombo kilichokwisha kufa. Normandie, iliyoungua na kupinduka gatini New York mwaka 1942. Queen Elizabeth, iliyoteketea kwenye bandari ya Hong Kong mwaka 1972. Na zile mbili zilizotuhusu sisi watu wa Pwani, Kenya na Uganda, meli za kampuni ya British India zilizokuwa zikitoka London, zikapita Suez, zikateremka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa kuli pale bandari ya Kilindini, Mombasa, na alizijua zote mbili. Kenya ilikwenda kuvunjwa mwaka 1969. Uganda iligeuzwa meli ya wanafunzi, ikawa hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982, na ilipofikishwa Taiwan kwa wavunjaji, kimbunga kikaitupa ufukweni.

Nilipohamia Southampton kutafuta riziki niliwakuta wenzangu. Kulikuwa na mwalimu wa shule, dereva wa basi, mjane wa fundi mitambo, na mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za Atlantiki tangu ujanani hadi alipostaafu. Tulikutana katika ukumbi wa mtaa, kila mtu na alichonacho: picha, kadi za chakula za mwaka 1938, ufunguo wa chumba ambacho hakipo tena popote duniani. Ilikuwa mikutano mitamu, nami sikuikosa. Lakini ukiisikiliza vizuri, ilikuwa matanga. Tulihesabu zilizobaki na kuulizana ni ipi itakayofuata kuvunjwa.

Tulikuwa na sababu. Meli tuliyoipenda ni ile ya kuvusha watu bahari kuu kwa ratiba, iwe shwari au dhoruba. Haichagui hali ya hewa. Ikisema itafika New York Jumatatu, sharti ipite Atlantiki ya Kaskazini hata Januari, mawimbi yakipanda juu ya omo. Meli za utalii ni viumbe wengine: hutafuta maji matulivu, huzunguka visiwa na kurudi zilikotoka. Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, abiria walihama kwa wingi, na tangu Queen Elizabeth 2 ianze kazi mwaka 1969 hakuna aliyethubutu kuunda nyingine kubwa ya kuvusha watu Atlantiki. Miaka karibu thelathini! Kizazi kizima cha waunda meli kilikuwa kimestaafu na ujuzi wao.

Ndipo kampuni ya Marekani ya Carnival ilipoinunua Cunard, wenye Queen Elizabeth 2, mwaka 1998, na mwaka huohuo ikatangazwa kwamba itaundwa meli mpya ya kuvuka Atlantiki, ambayo baadaye iliitwa Queen Mary 2. Habari ilipofika ukumbini, mwalimu alisimama akaisoma gazetini kwa sauti, na alipomaliza akaisoma tena. Watu wazima walilia. Mzee wetu peke yake ndiye aliyebaki ameketi. Alisema maneno machache: "Nitaamini nikiona chuma."

Neno lake likawa mwongozo wetu, kwa sababu michoro ya rangi ilikuja mapema na chuma kilichelewa. Mkataba na kiwanda cha Chantiers de l'Atlantique, Saint-Nazaire, Ufaransa, ulitiwa saini Novemba 2000. Bamba la kwanza lilikatwa Januari 2002. Kati ya tangazo na bamba hilo tulingoja zaidi ya miaka mitatu, na ni kungoja huko kulikonibadilisha.

Meli iliyokufa haikudai chochote. Unaweza kuikumbuka saluni yake, ngazi zake, muziki wake, basi. Meli inayokuja inakulazimisha kuuliza. Itahimili vipi wimbi? Nani anaichora? Itasukumwa na nini? Mimi niliyekuwa nikijua rangi ya mapazia ya Normandie nilijikuta naazima vitabu vya uhandisi maktaba, nikaanza kusoma juu ya mkuku, unene wa bamba na umbo la tezi.

Mchoraji mkuu alikuwa Stephen Payne, Mwingereza. Kisa chake tulikipenda sana, maana alikuwa mmoja wetu. Alipokuwa mtoto, kipindi cha watoto cha BBC kiitwacho Blue Peter kilionyesha Queen Elizabeth ikiungua Hong Kong. Yeye akaandika barua kueleza meli ambayo ingefaa kuundwa kuishika nafasi ile. Walimpelekea beji, na wakamtahadharisha asivunjike moyo meli hiyo isipoundwa kamwe. Mtoto huyo alikua, akasomea uhandisi wa meli, akaingia kazini, na siku ilipofika kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Na hakuitumia kuchora sanamu ya kale. Hapa ndipo nilipovutiwa kuliko popote. Rahisi ilikuwa kuchukua meli ya utalii, kuipaka rangi nyeusi ubavuni na nyekundu kwenye dohani, na kuiita jina la kifalme. Yeye alidai kiunzi cha bahari kuu: mabamba mazito zaidi, omo ndefu yenye ncha kali, mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa ili ratiba isivunjike hata dhoruba ikichelewesha. Kanuni za kimataifa zinataka boti za kuokolea maisha ziwe karibu zaidi na maji. Yeye alitetea zipandishwe mita 25 hivi juu ya maji, ambako wimbi la Atlantiki haliwezi kuzing'oa, na akakubaliwa. Dohani ilibidi ikatwe kimo ili ipite chini ya daraja la Verrazano-Narrows kwenye lango la New York. Chini ya tezi hakuna usukani kabisa: kuna mitambo minne ya umeme iliyoning'inizwa nje ya kiunzi, kila mmoja na rafadha yake, miwili imekaa palepale na miwili huzunguka, na hiyo miwili ndiyo inayoipinda meli. Umeme unatoka kwa injini nne za dizeli, zikisaidiwa na tabo mbili za gesi kasi inapohitajika.

Yote hayo yana bei. Ilikadiriwa kwamba kuunda meli ya namna hii kunagharimu kama asilimia 40 zaidi ya meli ya utalii yenye nafasi sawa. Nyingi ya pesa hizo zinalala kwenye chuma ambacho abiria hataki hata kukiona. Mtu aliyetoa pesa hizo alikuwa ameamini bahari ni bahari.

Marehemu wetu nao hawakuachwa. Kule mbele, kwenye sitaha ya omo, kuna ukuta wa chuma wa kupasua maji yanayopanda, na umbo lake lilitokana na ule wa Normandie. Moja ya honi zake ilitoka kwenye Queen Mary ya kwanza, ambayo tangu 1967 imefungwa gati Long Beach, California. Nilikuwa nimezoea kuvitazama vitu hivyo kwenye picha kwa majonzi. Sasa nilivisoma vikiwa vimeorodheshwa kama vifaa vya kazi.

Kiangazi cha 2003 nilivuka kwenda Saint-Nazaire. Mji ule uliangamizwa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili na kujengwa upya, lakini bado lipo lile jumba zito la zege walilojenga Wajerumani kufichia nyambizi zao. Nilisimama juu ya paa lake nikaitazama. Ilikuwa tayari inaelea, mita 345 kutoka omo hadi tezi, imefungwa kwa kamba na kuzungukwa na winchi. Ni meli iliyounganishwa kwa vipande vikubwa 94, vingine vizito kupita tani 600, na mafundi wapatao 3,000 waliifanyia kazi ya saa milioni 8 hivi.

Nilichokitazama kwa muda mrefu kuliko vyote ni jukwaa dogo lililoning'inizwa ubavuni karibu na omo. Juu yake walikuwa watu wawili wakipaka rangi nyeusi kwa rola zenye mipini mirefu. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye kofia ya njano iliyolegea, na kila baada ya mapigo machache aliirudisha kichwani kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilijaa rangi. Walimaliza sehemu moja, wakashushwa kidogo, wakaanza nyingine. Kazi yao ya nusu saa haikuwa kubwa kuliko doa kwenye ubavu ule. Nikamkumbuka baba. Kila nilipomuuliza utotoni kuhusu Uganda, nikitaka nielezwe vyumba vya daraja la kwanza, alinijibu kwa habari za kamba, za ngama ya meli, za mwenzake aliyevunjwa mguu na gunia la kahawa. Baba hakuwahi kuiona saluni. Meli aliyoijua yeye ilikuwa kazi na watu.

Miezi michache baadaye, Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 2003, wafanyakazi wa kiwandani na jamaa zao walialikwa kuitembelea meli kabla haijakabidhiwa. Wake, watoto, wazazi, wote walikuja kuona kilichofanywa na mtu wao. Daraja la muda la kupandia melini lilivunjika, nao wakaporomoka hadi chini kabisa kwenye sakafu ya chelezo. Walikufa 16, wengine zaidi ya 30 wakajeruhiwa.

Jumapili tulikutana bila kuitana. Hakuna aliyekuja na picha. Mjane wa fundi mitambo alituambia kwamba mumewe alikuwa akimchukua kila mwaka kwenye siku ya jamaa, na kwamba siku hiyo ndiyo aliyokuwa akijivunia kuliko siku ya mshahara. Kwa miaka mitano tulikuwa tumeingoja meli. Sasa tukaona kuna waliokuwa na haki nayo kutuzidi, nao walikufa wakienda kuitazama tu, kama tulivyotamani sisi.

Queen Mary 2 ilikabidhiwa Desemba 22 na kuingia Southampton siku nne baadaye. Tarehe 8 Januari 2004 Malkia Elizabeth wa Pili aliipa jina, na tarehe 12 ikang'oa nanga kwa safari yake ya kwanza ya abiria, nahodha akiwa Ronald Warwick, ambaye babake aliiongoza Queen Elizabeth 2 ilipoanza kazi. Mzee wetu tulimpeleka gatini kwa kiti cha magurudumu. Aliutazama ubavu ule mweusi kwa kitambo, akauliza: "Mabamba yake ni mazito kweli?" Nikamjibu ni mazito. Akaridhika.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine katika jambo hili. Bado nazipenda za kale. Ndugu zetu wanaoishi Dubai wanaweza kwenda Mina Rashid kuiona Queen Elizabeth 2, iliyofika huko mwaka 2008 na kufunguliwa kama hoteli mwaka 2018. Nawasihi waende. Mwaka 2025 United States, iliyovunja rekodi ya kuvuka Atlantiki mwaka 1952, iliondolewa Philadelphia kwenda kutayarishwa izamishwe pwani ya Florida iwe makazi ya samaki. Iliniuma. Lakini sikurudi kuomboleza kama zamani, kwa kuwa nimeshaona kwamba meli ya namna hii inaweza kuchorwa, ikalipiwa na ikaundwa katika zama zetu.

Nao wanaoingoja ijayo ni wengi. Wapo waliosisimkwa na mradi wa Titanic II wa Clive Palmer wa Australia, uliotangazwa mwaka 2012, ukalala, ukatangazwa tena mara kadhaa, ya mwisho niliyoishuhudia ikiwa 2024. Sina haja ya kuwakatisha tamaa. Hata sisi tuliishi kwa michoro. Ila siyo mfano wa Payne. Kunakili sura ya chombo cha 1912 hakutoshi. Nataka meli yenye sababu yake ya kuvuka bahari leo, yenye injini zisizochafua hewa kama za sasa, yenye kiunzi cha kustahimili Januari.

Queen Mary 2 imepita miaka ishirini kazini na ndiyo pekee ya aina yake inayovusha watu kwa ratiba kati ya Southampton na New York. Hakuna chombo cha milele. Mrithi wake sharti aanze kufikiriwa sasa, na watakaompigia kampeni ni sisi tunaopenda meli.

Kwa hiyo, ewe unayeingoja, mradi ukitangazwa usiishie kuuliza bei ya tikiti na idadi ya migahawa. Uliza chuma kimekatwa lini, na bamba lina unene gani. Kisha andikia kiwanda uulize madaraja ya kupandia yamekaguliwa na nani, na wafanyakazi wa kandarasi wanalindwa vipi. Barua yako ifike kabla meli haijaanza kuelea.