Msimu wa Kiangazi Kando ya Thiba

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi mvua za Oktoba, wageni wetu hupungua. Wanasema nchi imekauka na hakuna cha kuona. Kazi yangu ni kuwatembeza wapenda ndege. Wakishuka Makutano tunateremka kufuata Mto Thiba, hadi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mwea unapoingia Tana, na nikiulizwa nitasema huu ndio msimu mzuri kuliko yote. Maji yamepungua kwa jua, na pia kwa sababu huko juu wakulima wa mpunga wamefungulia mifereji. Kwa hiyo michanga imejitokeza. Kenge anaota jua juu ya mwamba, yangeyange wanatembea palipokuwa na kina, na nyayo za kiboko zimeganda kwenye tope, mahali anapopandia usiku kwenda malishoni.

Mimea nayo haijalala. Mukau, uliopukutisha majani yake yote, huchipua kabla tone la mvua halijaanguka, ukawa kijani peke yake kati ya vichaka vya kijivu. Mikuyu inazaa, na tumbili huacha chini makombo ya kutosha mbuzi wa kijiji kizima.

Lakini ninayemtafuta zaidi ni zogoyogo wa Hinde. Duniani kote anapatikana Kenya tu, hasa kusini na mashariki mwa Mlima Kenya. Wataalamu walimwandika mwaka 1900 na kumpa jina la Hinde, daktari Mwingereza aliyefanya kazi nchini enzi za ukoloni. Humtazami mmoja, kwa sababu huenda kwa kundi: mmoja akilia, wote wanaitikia kwa fujo, kisha wanashuka chini ya kichaka na kuanza kupekua majani makavu. Ukikaa kimya watakukaribia hadi uone jicho jekundu. Tazama manyoya. Mmoja ana baka jeupe utosini, mwingine kifua kimechanganyika nyeupe na nyeusi kama aliyerushiwa chokaa, wa tatu karibu wote ni weusi. Hakuna wawili wanaofanana, na ndiyo maana kundi la karibu na kwetu nalijua ndege kwa ndege.

Na kichaka chenyewe? Ni lantana. Mmea wa kigeni, uliotoka Amerika, ambao kila mkulima hapa anauchukia, na ana haki. Vichaka vya asili vya ukingoni vilifyekwa zamani ili watu walime. Lantana ikaota mahali pake, na zogoyogo, akiwa hana pengine pa kujificha, akahamia humo.

Septemba ndipo panga na moto hufanya kazi, watu wakitayarisha mashamba kabla ya mvua. Ndege hawa huzaliana mvua zikija, kwa hiyo kichaka kinateketea muda mfupi tu kabla hawajakihitaji kwa viota. Mzee mmoja jirani aliniuliza, "Kijana, mbuzi wangu wakila hii kitu wanakufa. Huyo ndege wako atanilipa?" Nikamwambia, "Hapana, mzee, hatakulipa." Swali lake ni la haki, na anayemjibu kwa hotuba za uhifadhi anampotezea wakati.

Tulichokubaliana naye ni hiki. Ng'oa lantana yote iliyo shambani na njia ya mbuzi. Ukingo wa mto uache: kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kuwa wa mto, na huo ndio unaozuia udongo wako kuishia bwawa la Kamburu. Ukitaka kuondoa lantana hata hapo ukingoni, anza na kipande kidogo, upande miti na vichaka vya asili, usubiri vifunge ndipo ushike kipande kingine. Moto usiingie kabisa. Hili linachukua miaka, na wengi hawana subira nalo. Nami siwalaumu, maana mahindi hayasubiri. Ila wanaofyeka ukingo wote mara moja huwafukuza ndege wasio na nchi nyingine, na mvua ya kwanza ya Oktoba huteremka na udongo wao.

Ukanda wa yule mzee bado upo. Atakayekuja Septemba nitampeleka huko kwanza, alfajiri, kabla mbuzi hawajafunguliwa.