MJI WA MAJI MOTO KATIKA THELUJI

Na Bwana Shamba

Japani ni nchi ya visiwa, mbali sana upande wa mashariki. Ina milima mingi, na baadhi ya milima hiyo ina moto tumboni. Moto huo huchemsha maji yaliyo chini ya ardhi. Kisha maji hutoka juu yakiwa ya moto. Hata Tanzania tunazo chemchemi kama hizo, kwa mfano katika bonde la mto Songwe, karibu na Mbeya.

Mwezi wa Januari nilikaa siku nne katika mji wa Kusatsu. Nilipanda treni Tokyo. Baada ya saa mbili na nusu hivi nilishuka, nikapanda basi la kwenda mlimani. Kusatsu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Januari ni wakati wa baridi kali huko. Theluji huanguka kama pamba inayopeperuka. Hufunika mapaa, miti na barabara.

SHAMBA LA MAJI

Katikati ya mji kuna mahali panapoitwa Yubatake. Maana yake ni shamba la maji moto. Mimi bwana shamba niliposikia neno shamba nilikwenda upesi kutazama. Niliona mifereji ya mbao iliyopangwa kama matuta. Maji moto hupita ndani yake ili yapoe kidogo. Mvuke hupanda juu, na harufu yake ni kama ya mayai yaliyooza. Hiyo ni harufu ya madini ya kiberiti. Unga wa madini hubaki katika mifereji. Watu huuvuna na kuuza. Anayeununua huutia katika maji ya kuogea nyumbani kwake.

Chemchemi zote za mji ule hutoa zaidi ya lita 30,000 za maji kila dakika. Hayo ni madebe 1,500 kwa dakika moja! Joto lake hutumiwa pia kuyeyusha theluji katika baadhi ya barabara.

KUOGA KWA UTARATIBU

Nililala katika nyumba ya wageni. Viatu huachwa mlangoni. Sakafu ina mikeka minene, na godoro hutandikwa chini usiku tu. Chakula kilikuwa wali, samaki, supu na mboga zilizotiwa chumvi.

Wanaume huoga kwao na wanawake kwao. Kabla ya kuingia katika birika kubwa, kila mtu hukaa juu ya kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza vizuri. Maji ya birika ni ya watu wote, kwa hiyo hakuna anayeingia na uchafu wake. Birika moja lilikuwa nje. Theluji iliniangukia kichwani, na mwili ulikuwa katika joto hadi shingoni.

Zamani maji yakiwa moto mno, watu waliyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba. Hawakupenda kuongeza maji baridi, maana yangepunguza nguvu ya dawa. Siku hizi akina mama huwaonyesha wageni kazi hiyo.

MTO ULIOKUWA UMEKUFA

Maji haya yana uchachu mkali. Huua vijidudu vya ngozi, na kwa hiyo watu wameyapenda tangu zamani. Lakini maji yale yale huteremka katika mto Yukawa, na mwisho huingia mto Agatsuma. Huko yalileta hasara kubwa. Samaki hawakuishi. Wakulima wa chini hawakuweza kumwagilia mashamba yao. Madaraja ya saruji na vyuma yaliliwa.

Watu wangefanya nini? Hawakuweza kuziba chemchemi, kwa sababu mji mzima unaishi kwa chemchemi hizo. Mwaka 1964 walianza kuutibu mto kwa chokaa. Mawe ya chokaa husagwa, unga wake huchanganywa na maji, kisha humiminwa mtoni. Nilisimama kando ya mto nikaona maji meupe kama maziwa yakimwagika. Chokaa huondoa uchachu. Tope linalotokea hutuama katika bwawa la Shinaki, lililomalizika mwaka 1965.

Sasa maji ya chini yanafaa kwa mashamba, na samaki wamerudi. Lakini kazi haina likizo. Chokaa humwagwa usiku na mchana, mwaka mzima, hata katika theluji. Wakiacha, mto utakuwa mkali tena.

NA SISI JE?

Ndugu wakulima, uchachu hauko katika mito ya Japani tu. Udongo wa baadhi ya mashamba yetu una uchachu pia. Katika udongo huo mahindi na maharage hudumaa, hata ukitia mbolea. Dawa yake ni ile ile, yaani chokaa ya shambani. Lakini usitie kwa kukisia. Chokaa ikizidi huharibu udongo. Chota udongo sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye, umpelekee bwana shamba wako ili upimwe. Ukijua kiasi cha uchachu, utajua kiasi cha chokaa.