Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo naliijua tangu utotoni, lakini maana yake niliionja ukubwani, katika darasa moja la hapa Donholm, Nairobi, kwa mfuko wa maharagwe.

Nalitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi wanyama wa mwituni wanavyokadiriwa. Tulitoa maharagwe 100, tukayatia alama ya wino, tukayarudisha mfukoni. Kisha mwanafunzi mmoja akachota 100 bila kutazama. 5 tu yakawa na alama. Nikaandika ubaoni: ikiwa katika kila 20 moja lina alama, na yenye alama ni 100, basi yote ni 2,000.

Tulipoyahesabu moja moja, yalikuwa 900.

Nilitahayari, ewe msomaji. Sikuyachanganya, yale yenye alama yalikuwa yamelala pamoja upande mmoja. Lau yangalikuwa wanyama, nami nimeruhusu kuwindwa mmoja katika kila kumi, wangaliuawa 200 badala ya 90.

Huu si mchezo wa darasani tu. Huko Kanada, dubu weupe wa nchi ya barafu wamekuwa wakikamatwa, wakitiwa alama na kuachiliwa, ili ijulikane wenyeji wawinde wangapi pasipo kuwamaliza. Jirani zetu wa Tanzania nao huruhusu uwindaji kwa vibali na viwango, na ndovu wao huhesabiwa kutoka angani kwa ndege.

Mwanafunzi mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi twahesabu kwa ajili gani?"

Swali lilikuwa jema. Nikamweleza habari za Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1976 ndovu wa huko walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walipatikana 13,000 hivi. Majangili hawaombi kibali. Pasipo hesabu, nani angalijua ukubwa wa msiba huo? Ndiyo sababu Kenya pia, ingawa haiwindi, ilihesabu wanyama wake mwaka 2021, ikapata ndovu 36,280.

Mfuko ule ningali nao kabatini, na kila mwaka huutikisa sana kabla ya kuchota. Nawe, ukiletewa idadi ya kitu chochote, usiulize tu ni ngapi. Uliza pia imepatikanaje.